Farasi, Panya na Sisi Wenyewe: Dawa Zilizoufundisha Mwili Kujikana

Kabla hazijaanza kutoka kwenye matangi ya chuma yanayong'aa, dawa za kibiolojia zilitoka zizini. Desemba 1890, mjini Berlin, Emil von Behring na Kitasato Shibasaburō walitangaza kwamba damu ya mnyama aliyezoeshwa sumu ya pepopunda kidogo kidogo ina kitu kinachoweza kumwokoa mnyama mwingine, na kwamba dondakoo nayo hufuata kanuni hiyohiyo. Mwaka 1894 Émile Roux wa Taasisi ya Pasteur, Paris, akaihamishia kazi hiyo kwa farasi, maana farasi ana damu nyingi na huvumilia kudungwa na kutolewa damu mara kwa mara. Katika hospitali ya watoto ya Enfants Malades, ambako karibu nusu ya walioletwa na dondakoo walikuwa wakizikwa, vifo vilishuka hadi kama robo. Seramu ile ya farasi ndiyo babu wa insulini, wa homoni za kuongeza damu, wa sindano za baridi yabisi na wa zile zinazoichochea kinga ya mwili ipambane na saratani. Ukoo ni mmoja, na umerithishana faida pamoja na deni. Dawa iliyotengenezwa kwa protini, kitu kilekile kilichotuumba, huzungumza na kinga ya mwili, na kinga hujibu. Kuna nyakati jibu hilo humgeukia mwenye mwili.

Historia ya deni hilo imezoeleka kusimuliwa kama hadithi ya usafi. Hapo mwanzo, tunaambiwa, dawa zilikuwa na ugeni ndani yake: farasi, ng'ombe, nguruwe, panya. Mwili ukaukataa ugeni huo, wagonjwa wakaumia, wataalamu wakauondoa hatua kwa hatua hadi dawa ikawa ya kibinadamu kabisa, na madhara yakabaki masalia ya zama zilizopita. Hadithi hiyo ina ukweli wake, lakini nadai kwamba imelifunika jambo kubwa kuliko lile inalolieleza. Ugeni wa dawa ulikuwa kero, na papo hapo ulikuwa ukuta. Mwili ukimkataa farasi, anayepotea ni farasi. Mwili ukiikataa dawa iliyofanana nao nukta kwa nukta, umekikataa kitu chake wenyewe, na kitu hicho hauwezi kukifukuza ukabaki mzima. Ndiyo maana baadhi ya magonjwa mabaya kabisa ya kinga kujishambulia yaliyoletwa na dawa hizi hayakutoka zizini. Yalitokea baada ya zizi kufungwa.

Tuanze na kero yenyewe. Mwaka 1901, St. Louis, Marekani, farasi aliyeitwa Jim, ambaye zamani alikuwa akivuta gari la maziwa, aliugua pepopunda. Seramu iliyotolewa kwake ikatumika licha ya hayo, na watoto 13 wakafa. Mwaka uliofuata Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kudhibiti bidhaa za kibiolojia, kwa hiyo udhibiti wa kisheria wa dawa hizi nchini humo ulizaliwa msibani. Somo lililochukuliwa lilikuwa la usafi: kagua mnyama, pima chupa, toa leseni. Kwa mkasa wa Jim lilikuwa somo sahihi. Lakini miaka hiyohiyo, Vienna, Clemens von Pirquet na Béla Schick walikuwa wakiwatazama watoto waliopewa seramu isiyo na kosa lolote, ambao bado waliugua. Siku ya nane hadi ya kumi na mbili hivi baada ya sindano, mtoto alipandwa na homa, ngozi ikatoka vipele, mitoki ikatokeza, viungo vikauma. Akidungwa tena siku za baadaye, dalili zilikuja upesi zaidi. Katika kitabu chao cha 1905 waliuita ugonjwa wa seramu, na wakatoa wazo lililohitaji ujasiri kulitamka: kinachomuumiza mtoto hakimo chupani, ni jibu la mwili wake mwenyewe. Zile siku nane zilikuwa muda wa mwili kutengeneza kingamwili dhidi ya protini ya farasi.

Ugonjwa huo haujatoweka. Dawa za sumu ya nyoka zinazotumika Afrika Mashariki bado hutengenezwa kwa damu ya farasi, na daktari anayemruhusu aliyeumwa na nyoka aende nyumbani hufanya vyema kumwonya kwamba katika wiki mbili zijazo anaweza kurudi na homa na maumivu ya viungo. Lakini tutazame unavyokwisha. Protini ya farasi ikishaondolewa mwilini, homa hushuka, vipele hufutika, mtu hurudi shambani. Vita vilikuwa na mgeni, na mgeni ameondoka.

Swali la kama mwili unaweza kupigana na asiye mgeni lilikuwa limeshaulizwa. Mwanzoni mwa karne ya 20 Paul Ehrlich na mwenzake Julius Morgenroth waliwadunga mbuzi damu ya mbuzi wengine. Mbuzi wakatengeneza kingamwili za kuvunja damu ya wenzao; za kuvunja damu yao wenyewe hawakutengeneza. Ehrlich akalipa jambo hilo jina la Kilatini, horror autotoxicus, hofu ya mwili kujitia sumu. Mwenyewe alikuwa mwangalifu. Alichosema ni kwamba lazima pana kizuizi, na kizuizi hicho kikivunjika ugonjwa utafuata. Waliomsoma walisikia neno jingine: kwamba jambo hilo haliwezekani. Mwaka 1904 Julius Donath na Karl Landsteiner walieleza ugonjwa ambao kingamwili za mgonjwa huvunja chembe zake nyekundu akipigwa na baridi, lakini ushahidi wao ukachukuliwa kama kioja kimoja kisichobomoa kanuni. Mara nyingi taaluma haipotoshwi na uongo. Hupotoshwa na sentensi ya mtu mkubwa iliyofupishwa na wanafunzi wake.

Kanuni hiyo iliyofupishwa ndiyo iliyoikuta insulini. Kuanzia 1922 wagonjwa wa kisukari waliishi kwa insulini iliyotolewa kwenye kongosho za ng'ombe na nguruwe. Ni protini ndogo, nayo inafanana sana na ya binadamu, kwa hiyo wataalamu wengi waliamini kwamba kinga haiwezi hata kuiona. Solomon Berson na Rosalyn Yalow, waliokuwa wakifanya kazi katika hospitali ya wanajeshi wastaafu huko Bronx, New York, waliitia insulini alama ya iodini yenye mnururisho na kuifuata ndani ya damu. Wakakuta kwamba kwa watu waliowahi kuitumia, insulini hukawia kutoka kwa sababu imekamatwa na kingamwili. Makala yao ilikataliwa, na jarida lililokubali kuichapisha mwaka 1956 liliwataka waliondoe neno kingamwili kwenye kichwa cha habari. Wahariri wale hawakuwa wajinga. Walikuwa walinzi wa imani kwamba kinachofanana nasi hakikataliwi.

Mwaka huohuo imani hiyo ilipata pigo jingine, tena kutoka ndani ya nyumba ya Ehrlich. Ernest Witebsky wa Buffalo alikuwa mjukuu wake kitaaluma: mwalimu wake, Hans Sachs, alikuwa mwanafunzi wa Ehrlich. Kijana aliyefanya kazi chini yake, Noel Rose, aliwadunga sungura dondoo ya tezi ya shingo ya sungura, ikiwa imechanganywa na mafuta na vijidudu vilivyouawa vya jamii ya kifua kikuu, mchanganyiko ambao maabara huutumia kuiamsha kinga. Sungura wakatengeneza kingamwili dhidi ya tezi ya sungura, hata pale dondoo ilipotoka kwenye shingo ya sungura yuleyule, na tezi zao zikavamiwa na chembe nyeupe. Witebsky, mlinzi wa urithi, alisita kabla ya kukubali. London nako, mwaka huo, Ivan Roitt na Deborah Doniach pamoja na wenzao walikuta kingamwili za namna hiyo kwenye damu ya wagonjwa wenye uvimbe wa tezi uitwao ugonjwa wa Hashimoto. Tangu hapo hakuna aliyeweza kusema kwa dhati kwamba mwili haujishambulii. Lakini jaribio la sungura lilikuwa na sehemu mbili, na ninavyoona waliotengeneza dawa baadaye walikumbuka moja. Walikumbuka kwamba mwili unaweza kujikana. Walisahau maelekezo: chukua protini ya nafsi, iongezee kitu kidogo cha kuwasha, iweke chini ya ngozi.

Badala yake juhudi kubwa ya miaka iliyofuata ilielekezwa kwenye asili ya dawa. Mwaka 1975 Georges Köhler na César Milstein, Cambridge, waliunganisha chembe inayotengeneza kingamwili na chembe ya saratani isiyochoka kuzaana, wakapata chemchemi ya kingamwili za aina moja, zinazolenga shabaha moja. Mwaka 1986 Marekani iliruhusu dawa ya kwanza ya namna hiyo, ya kuuzuia mwili usikatae figo iliyopandikizwa. Ilitoka kwa panya, na miili ya wagonjwa wengi ilimtambua panya, ikatengeneza kingamwili dhidi ya kingamwili. Mwaka huohuo Greg Winter, Cambridge vilevile, alionyesha kwamba inawezekana kuchukua ncha tu za kingamwili ya panya, zile zinazoshika shabaha, na kuzipachika kwenye kiwiliwili cha kingamwili ya binadamu. Hatua hizi zilijiandika hata kwenye majina ya dawa. Dawa ya panya tupu ilipewa mwisho wa -omab. Iliyochanganywa, -ximab, kama infliximab. Iliyopachikwa ncha, -zumab, kama alemtuzumab. Ya kibinadamu kamili, -umab, kama adalimumab. Silabi hizo zikageuka ngazi ya heshima, kadiri unavyopanda ndivyo unavyodhaniwa kuwa salama. Hata hivyo uchunguzi wa Uholanzi uliochapishwa 2011 uliwafuatilia kwa miaka mitatu wagonjwa 272 wa baridi yabisi waliotumia adalimumab, dawa ya ngazi ya juu kabisa, na asilimia 28 walikuwa wametengeneza kingamwili dhidi yake. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliacha kutia silabi ya asili kwenye majina mapya. Moja ya hoja zilizosikika ni kwamba watu walikuwa wameanza kuisoma kama cheti cha ubora.

Asilimia 28 ni nyingi, ila madhara yake kwa kawaida ni dawa kuzimika. Mgonjwa hubadilishiwa nyingine. Ili tuone mfanano ukiuma kwelikweli, tutoke kwenye kingamwili twende kwenye homoni ya damu. Figo hutengeneza eritropoietini, homoni inayouamuru uboho wa mifupa uzalishe chembe nyekundu. Figo zikifa, amri hiyo hukoma, na mgonjwa wa kusafishwa damu hudhoofika kwa upungufu wa damu. Eugene Goldwasser wa Chuo Kikuu cha Chicago aliitafuta homoni hiyo kwa miongo miwili. Hatimaye mtafiti Takaji Miyake alimkusanyia lita 2,550 za mkojo wa wagonjwa wa Japani, na mwaka 1977 wakatangaza kwamba wameitenga, miligramu chache tu. Mwaka 1983 jeni yake ilipatikana, na kufikia 1989 dawa iliyotengenezwa kwa jeni hiyo ilikuwa sokoni Marekani. Watu waliokuwa wakiishi kwa chupa za damu za wengine, pamoja na chuma kilichokuwa kikirundikana mwilini kwa kuongezewa damu huko, walianza kujitengenezea ya kwao. Ni mojawapo ya dawa zilizofanikiwa kuliko zote katika tiba ya figo, na hakuna ninalolisema hapa linaloipunguzia sifa hiyo.

Miaka karibu kumi ilipita kwa utulivu. Visa vya kingamwili dhidi ya homoni hiyo vilihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Kisha Ulaya ikashikwa na hofu ya ugonjwa wa ng'ombe wazimu, na protini yoyote iliyotoka kwenye damu ya watu au ya wanyama ikatazamwa kwa shaka. Mwaka 1998 albumini ya damu ya binadamu, iliyotumika kuituliza homoni isiharibike chupani, iliondolewa kwenye Eprex, aina iliyouzwa nje ya Marekani, na nafasi yake ikachukuliwa na kemikali za polisobeti 80 na glisini. Kwa hesabu ya usafi hili lilikuwa jambo jema: kitu kimoja kidogo zaidi kilichotoka kwa kiumbe. Februari 2002 Nicole Casadevall wa Paris na wenzake wakachapisha habari za wagonjwa 13. Walikuwa wakitumia homoni, damu ikapanda, kisha ikaporomoka chini kuliko ilivyokuwa mwanzo. Kuongeza dozi hakukusaidia. Walipochunguzwa uboho, chembe changa zinazozaa chembe nyekundu hazikuwepo, ilhali mbegu za chembe nyingine zilikuwa zimejaa tele. Damu yao ilikuwa na kingamwili zilizoikamata dawa, na kwa kuwa dawa na homoni ya mwili ni kitu kimoja, zilikamata pia ile kidogo ambayo figo zao na ini zilikuwa bado zinaitoa. Wakabaki wakitegemea damu ya kuongezewa kuliko walivyowahi kuitegemea. Kufikia 2004 visa vilivyothibitishwa kwa Eprex duniani vilikuwa 175.

Upelelezi uliofuata ni somo kwa yeyote anayeamini kwamba madhara ya dawa hujificha kwenye dawa. Homoni yenyewe haikuwa imebadilika. Wachunguzi waligeukia vitu ambavyo hakuna anayevisoma kwenye karatasi ya maelezo: kizibo cha mpira cha bomba la sindano lililokwisha kujazwa kiwandani, ambacho huenda polisobeti ilikuwa ikikilamba na kukitoa kemikali, protini zilizoshikana mabonge madogo, bomba lililokaa nje ya jokofu. Jambo jingine lilionekana wazi: karibu wagonjwa wote walidungwa chini ya ngozi, mahali ambapo kinga ina walinzi wengi kuliko kwenye mshipa. Mwishoni mwa 2002 mamlaka za Ulaya ziliamuru wagonjwa wa figo wasipewe Eprex kwa njia ya ngozi, vizibo vikavikwa utando, na visa vikapungua kwa kasi. Mpaka leo wataalamu hawajakubaliana ni kipi hasa kilichokuwa na kosa kubwa. Lakini mtu akiweka orodha hiyo kando ya jaribio la Buffalo, ataona kwamba vyote viwili vinasimulia jambo lilelile: protini ya nafsi, kiwashio, ngozi. Sungura wa 1956 walikuwa wametoa maelekezo, na kiwanda cha 1998 kikayafuata bila kujua. Kwa hospitali zetu, ambako umeme hukatika na homoni hii hupokewa kutoka viwanda vingi, habari ya mabonge ya protini na jokofu si historia ya mbali.

Hapa pana pingamizi lenye nguvu. Mtu anaweza kusema: hili lilikuwa kosa la kiwanda, kama farasi Jim. Kizibo kilirekebishwa, ugonjwa ukaisha. Mfanano una hatia gani? Najibu kwamba kizibo kilikuwa kiberiti tu, na hakielezi moto uliunguza nini. Kama kizibo kilekile kingemwaga kemikali zake kwenye seramu ya farasi, mgonjwa angetengeneza kingamwili dhidi ya farasi, akaugua wiki mbili, akapona. Kilichoigeuza ajali ya mpira kuwa kifo cha uboho ni kwamba kando ya mpira ilisimama homoni yake mwenyewe. Tena Eprex haikuwa peke yake. Katika miaka ya 1990 ilitengenezwa homoni ya kuongeza chembe za kugandisha damu, kipande cha ile ya binadamu kilichovikwa plastiki laini ili kikae mwilini muda mrefu. Ilijaribiwa kwa wagonjwa wa saratani na kwa watu wazima wa afya waliojitolea kutoa chembe hizo. Baadhi yao, wakiwemo wale wasiokuwa na ugonjwa wowote, walitengeneza kingamwili zilizoiua dawa pamoja na homoni yao ya asili, na chembe zao za kugandisha damu zikashuka hadi kiwango cha hatari. Utengenezaji ulisimamishwa 1998. Kiwanda kingine, homoni nyingine, chupa nyingine, na umbo la madhara ni lilelile.

Huo ni mlango wa kwanza wa mwili kujikana. Wa pili hauhusiani kabisa na mwili kuikataa dawa. Humo dawa hupokewa vizuri mno, na inafanya hasa ilichotumwa kufanya. Mwaka 1985 madaktari wa London waliripoti kwamba wanawake waliopewa intaferoni kwa saratani ya matiti walipata ugonjwa wa tezi unaotokana na kinga. Intaferoni ni tarumbeta ya mwili ya kuiamsha kinga, na anayeipuliza hawezi kuchagua askari gani wasikie. Kilichoonekana Cambridge miaka ya 1990 kilikuwa cha ajabu zaidi. Alemtuzumab, kingamwili iliyopachikwa ncha, hufagia karibu limfosaiti zote, aina ya chembe nyeupe za kinga, na ilipewa wagonjwa 27 wa sklerosisi ya neva, ugonjwa ambao kinga hutafuna ala ya mishipa ya fahamu. Maradhi ya neva yalitulia. Lakini 9 kati yao wakapata ugonjwa wa Graves, kinga ikiichochea tezi ya shingo kupita kiasi. Taarifa hiyo ya 1999 ilikuwa na kejeli yake: dawa iliyofuta jeshi lililoasi ilikuwa imefungua nafasi ya uasi mwingine, kwa sababu jeshi jipya lililochipuka kutoka kwa wachache waliosalia halikupata malezi kamili. Mwaka 2005 majaribio ya dawa hiyo yalisimamishwa kwa muda baada ya mgonjwa kufa kwa kutokwa damu, kinga yake ikiwa imeharibu chembe za kugandisha damu.

Kwenye saratani mlango huu ulifunguliwa makusudi. Mwaka 1995 vikundi viwili vya watafiti vilizalisha panya wasio na CTLA-4, mojawapo ya breki za kinga. Panya hao walikufa wakiwa na wiki tatu au nne, mioyo na kongosho zao zikiwa zimejaa chembe nyeupe. Mwaka uliofuata James Allison alionyesha kwamba kuizuia breki hiyo kwa kingamwili huyeyusha uvimbe wa saratani kwenye panya. Dawa iliyozaliwa kutokana na kazi hiyo, ipilimumab, hutokana na panya waliopandikizwa jeni za kingamwili za binadamu, kwa hiyo ni ya kibinadamu kabisa ingawa mama yake ni panya. Taarifa ya 2003 kutoka Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani iliwahusu wagonjwa 14 wa melanoma, aina ya saratani ya ngozi, waliopewa dawa hiyo pamoja na chanjo. Watatu walipungukiwa na saratani. Sita walipata mashambulizi makali ya kinga yao kwenye ngozi, utumbo, ini au tezi ya chini ya ubongo. Waandishi hawakuficha: waliweka kupona na kujishambulia pamoja katika kichwa cha makala. Dawa iliruhusiwa 2011, Allison na Tasuku Honjo, mtafiti mwingine wa breki za kinga, wakatunukiwa Nobeli 2018. Mwaka 2016 jarida moja kubwa lilieleza wagonjwa wawili waliokufa kwa kuvimba misuli ya moyo baada ya kupewa dawa mbili za kuondoa breki kwa pamoja. Panya wa 1995 walikuwa wamekufa na mioyo ya namna hiyo miaka 21 kabla.

Mtetezi wa dawa hizi atasema kwamba hiyo ni bei, na kwamba melanoma iliyosambaa ilikuwa hukumu ya kifo. Sina ubishi naye. Mtu anayechagua kati ya kufa na kuishi na sindano ya insulini kwa sababu kinga imeharibu kongosho yake hana haja ya ushauri wa mwanahistoria. Ninachokikataa ni lugha. Tunaziita athari za pembeni, kana kwamba dawa ina njia kuu na hizi ni vichochoro. Kinga iliyofunguliwa breki ili iione saratani, ambayo ni nyama ya mtu huyohuyo iliyopotoka kidogo, imeruhusiwa kuishuku nyama yote. Daktari anayelielewa hili humpima mgonjwa tezi, sukari na moyo tangu siku ya kwanza, wala hangoji malalamiko. Anayeamini vichochoro hupokea kuhara kwa mgonjwa wa saratani kama chakula kibaya.

Pingamizi la mwisho ndilo la haki zaidi: kuondoa ugeni kumesaidia. Wagonjwa wanaozimia kwa sababu ya protini ya panya ni wachache leo, na watoto wanaougua wiki nzima kwa ajili ya farasi wamepungua. Kweli kabisa. Aliyesukuma dawa kuelekea ubinadamu alikuwa akitatua tatizo halisi, na alilitatua. Kosa lilikuwa kudhani kwamba tatizo ni moja. Swali la Roux, dawa hii imetoka kwa nani, lilikuwa la lazima mwaka 1894. Likarudiwa kwa miaka mia moja hadi likaziba masikio dhidi ya mengine: inafanana na nini ndani ya mgonjwa, imesafiri na nani chupani, na inaiondolea kinga kizuizi gani kati ya vile ambavyo Ehrlich alivikisia kwa mbuzi wake?

Wagonjwa wa Eprex nao wana sehemu yao katika jibu. Mwaka 2004 ilichapishwa hesabu ya 47 kati yao. Wale walioachishwa homoni tu, bila tiba nyingine, hawakupona hata mmoja. Kumwondoa mgeni hakukusaidia, kwa kuwa hapakuwa na mgeni. Waliopewa dawa za kuilaza kinga walikuwa 37, na 29 walianza tena kutengeneza damu. Waliofanikiwa kuliko wote walikuwa sita waliopandikizwa figo, wakanywa dawa kali za kuilaza kinga isiikatae. Wote sita walipata nafuu ndani ya mwezi mmoja. Figo hizo zilitoka kwa watu wengine.